Mkono wa Kwanza

Mimi ni mpiga rangi. Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
fremu za baiskeli zinaning'inia mlangoni kwangu
kama mbuzi waliochunwa.
Nasugua kwa msasa mpaka chuma kitoe weupe wake,
nafuta kwa petroli, naacha kikauke,
halafu mkono wa kwanza, ule mwekundu wa udongo,
ambao mteja hauoni wala hataki kuulipia.
"Nipigie kijani tu, fundi. Hiyo ya ndani ya nini?"
Ya ndani ndiyo baiskeli, ndugu yangu.
Kijani ni nguo ya sikukuu.

Lakini nilipolazwa Bombo, muundi umevunjika
(bodaboda, mvua, hadithi ni fupi),
wakanitia chuma ndani ya mfupa
nami sikuuliza kimepigwa nini.
Nani huuliza? Juu ya kitanda cha magurudumu
mtu huhesabu taa za dari.

Wiki ya tatu mshono ukaanza kulia.
Kwanza maji. Kisha kitu kizito
chenye harufu ya sufuria iliyosahauliwa na uji.
Nikanunua vidonge vya rangi mbili, vinne vinne,
nikaviacha siku maumivu yaliponyamaza.
Mwanatumu alifua shuka usiku
majirani wasione.

Dakta Shemboza, mwanamke mfupi, sauti ya mnadani,
alikichomoa kile chuma, akaja kunionyesha
kwenye sahani, ameshika kwa koleo.
"Unauona utelezi huu?"
Niliujua. Ni utando wa ndani ya mtungi
usiosuguliwa tangu mfungo uishe.
"Wamejenga humu. Wamejiezekea.
Dawa ya mshipani inapita juu kama mvua juu ya bati,
wao ndani wanapika.
Na vile vidonge ulivyoacha nusu?
Uliwapa darasa, mzee, hukuwapa mtihani."

Wiki sita za dripu. Kisha chuma kipya,
ndani ya mfuko wake, kimelala kama kisu cha mgeni.
"Hiki kimepakwa jentamisini.
Ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu."
Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Rangi isiyo na rangi.
"Mikono mingapi?" nikauliza.
Hapo ndipo nilipomwona akicheka.

"Kwenye chuma kuna mbio, Fundi Chambuso. Mwili wako na wao.
Atakayetangulia ndiye atakayejenga.
Hii inawachelewesha wao ili nyama yako iwahi."
"Inadumu?"
"Majuma machache. Mwanzo inamwaga,
halafu inadondosha, halafu imekwisha."
"Halafu?"
"Halafu ni wewe."

Vilikuja vinne tu, mimi nilikuwa wa nne.
Kitanda cha pili yangu alilala Kiango wa Muheza,
aliyeanguka na kapu lake la machungwa.
Yeye alitiwa kitupu.
Usiku nilimsikiliza anavyopumua
na kuona haya, kama mtu aliyekula mbele ya mwenye njaa.
Kiango akapona safi. Akaondoka kabla yangu,
akaniachia chungwa moja na utani wa Kibondei
nisioweza kuuandika hapa.
Sijui niseme nini juu ya hilo.
Chuma kitupu kimoja hukaa miaka bila kutu,
kingine hakimalizi vuli.

Sasa ni mwezi wa saba. Ile ngozi ya kitunguu
imeshayeyuka zamani, imekwenda na damu,
imekwenda na mkojo, haipo.
Usiku nabonyeza muundi kwa kidole gumba.
Pakavu. Nabonyeza tena.

Jana mtoto wa shule kaleta fremu ya marehemu baba yake,
mfukoni ana elfu nane, anataka bluu,
bluu ya mkono mmoja, aende nayo Jumatatu.
Nikamwambia aje Jumanne.
Nikasugua. Nikafuta. Nikaacha ikauke.
Nikapiga ule mwekundu, polepole, hadi kwenye maungio
ambako jicho halifiki,
na sikumwambia.